Gemu, modi na nyumba bila ardhi

Mpwa wangu ana basi. Linaondoka kila siku baada ya magharibi, ndani ya simu iliyopasuka kioo pembeni, na ubavuni limeandikwa jina la kampuni ambayo sote tunaikuta stendi. Gemu yenyewe ni Bus Simulator Indonesia, iliyotoka mwaka 2017. Barabara ni za Java, vibao vya njiani ni vya Java, lakini basi ni la kwetu mpaka maandishi ya kioo cha nyuma. Hakulilipia hata senti. Kuna kijana mahali fulani aliyekesha akilichonga, akaliweka mtandaoni, wenzake wakalipakua.

Wiki iliyopita akaniletea swali. Kwenye kompyuta ya kaka yake kuna gemu ya malori, Euro Truck Simulator 2, na kila akitaka kusogea mbali anaambiwa alipe: ukitaka Italia yote lipia ramani ya Italia, ukitaka Hispania na Ureno lipia nyingine. "Mjomba, mbona huyu ananiuzia barabara na yule kanipa basi zima bure?"

Jibu jepesi ni kwamba huyu ni kampuni na yule ni shabiki. Ni kweli, ila halifungui fundo. Zipo nyongeza za kampuni zinazotolewa bure, na zipo modi za mashabiki, yaani mabadiliko wanayoyatengeneza wao juu ya gemu, zinazouzwa. Zipo modi zilizotengenezwa kwa ustadi kuliko gemu iliyozibeba, na zipo nyongeza rasmi za aibu tupu. Ukitumia bei kuvitenganisha vitu hivi viwili utapotea, na ukitumia ubora utapotea zaidi. Mimi natumia swali ambalo mtu wa Mombasa analijua tangu utotoni: nyumba ni ya nani, na kiwanja ni cha nani?

Vazi la farasi

Nyongeza rasmi, ile ambayo wachezaji huiita kwa herufi zake tu, DLC, ni kipande cha gemu anachokitoa mwenye gemu mwenyewe: ramani, wahusika, silaha, hadithi mpya. Zamani vipande hivyo viliuzwa dukani ndani ya boksi. Kuchapa boksi na kulisafirisha ni gharama, kwa hiyo kampuni ililazimika kutia kitu cha maana ndani yake. Intaneti ilipoingia kwenye mashine za michezo gharama ile ikayeyuka, na ikawezekana kuuza kitu kidogo sana.

Bethesda, kampuni ya Marekani, walijaribu Aprili 2006. Gemu yao ya Oblivion haikuwa imemaliza hata majuma matatu sokoni walipotoa vazi la chuma la farasi, dola 2.50 kwenye Xbox 360. Vazi. La farasi. Wachezaji walicheka, wakatukana, na wengine wakanunua. Mpaka leo ukilitaja mbele ya wachezaji wa rika langu utaona midomo inacheza. Bethesda nao hawajasahau: Oblivion ilipotolewa upya Aprili 2025 ikiwa imekarabatiwa, toleo la bei ya juu lilikuja na mavazi mapya ya farasi. Ukiweza kuuza mzaha uliofanyiwa miaka 19 iliyopita, wewe ni mfanyabiashara.

Lakini hao hao, mwaka 2007, kwa gemu hiyo hiyo, walitoa Shivering Isles: nchi nzima yenye mtawala mwendawazimu, watu wake, mimea yake na saa nyingi za kucheza. Vazi la farasi na nchi ile vyote vinaitwa nyongeza. Ndiyo maana mtu akiniambia "DLC ni wizi" namwona kama anayelalamika samaki ni ghali bila kusema kama ni dagaa au nguru.

Kuna jambo moja la ndani ambalo wengi hawalioni. Unaponunua nyongeza, mara nyingi unachonunua ni ruhusa. Akaunti yako inatiwa alama kwamba umelipa, na mlango unafunguka. Wakati mwingine chumba chenyewe unacho tayari. Mwaka 2012 Capcom walitoa Street Fighter X Tekken, na wachezaji waliochokonoa diski wakakuta wahusika 12 wamekaa mle ndani, wametiwa kufuli, wanangoja kuuzwa baadaye. Diski umeinunua, iko mkononi mwako, na bado funguo za vyumba vingine ziko mfukoni mwa mwenye nyumba. Hasira iliyowaka siku zile ilikuwa ya haki, kwa maoni yangu, ingawa kisheria kampuni haikuwa imekunyang'anya kitu.

Kujenga kwenye kiwanja cha mtu

Modi ni badiliko analolifanya mtu asiye mwenye gemu. Linaweza kuwa dogo kama rangi ya basi, au kubwa kama mji. id Software walipotoa Doom mwaka 1993 waliweka ramani, picha na sauti kwenye mafaili yaliyotengwa na injini, ile programu inayoiendesha gemu, na ilikuwa makusudi: John Carmack, aliyeiandika injini hiyo, alitaka watu waweze kuchomeka mafaili yao bila kuharibu ya asili. Mashabiki wakajitengenezea vifaa vya kuchorea ramani, na studio nyingine zikaona kwamba gemu inayofunguka haizeeki upesi.

Modi nyingi za leo bado zinafuata njia hiyo. Gemu ikiwashwa husoma mafaili yake kwanza, kisha ya modi, moja baada ya nyingine. Modi mbili zikigusa kitu kimoja, mathalani bei ya mkate sokoni, inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo mchezaji wa Skyrim, gemu nyingine ya Bethesda, mwenye modi mia mbili anaweza kumaliza Jumamosi na Jumapili akipanga foleni ya mafaili asicheze hata dakika kumi. Usimcheke. Nimepita huko.

Sasa turudi kwenye kiwanja. Mombasa tuna utaratibu wa zamani uitwao nyumba bila ardhi. Unajenga kwa pesa yako, unapaka chokaa, unapangisha vyumba, ukitaka unauza, ukifa wanao wanarithi. Ila ardhi iliyo chini ni ya mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Mambo yanakwenda hivyo miaka na miaka, mpaka siku mwenye ardhi anapouza, au anapofariki na warithi wake wana mipango yao. Hapo ndipo unapokumbuka kwamba nyumba haielei hewani.

Modi imejengwa hivyo hivyo. Michoro ni jasho lako, hadithi umeitunga wewe, lakini injini, ulimwengu, majina na wahusika ni vya mwenye gemu, nawe umeingia kwa leseni yake. Leseni yenyewe ni zile kurasa ndefu tunazobonyeza "Nakubali" bila kuzisoma. Ukizisoma, nyingi zinarudia jambo lile lile: jenga upendavyo, usiuze.

Mahakama zimeshalipima hili. Duke Nukem 3D ilitoka mwaka 1996 ikiwa na kifaa chake cha kutengenezea ramani, na wenye gemu wakawahimiza wachezaji watengeneze na kugawana bure. Kampuni moja ya Marekani, Micro Star, ikapakua ramani 300 za mashabiki, ikazichoma kwenye CD na kuziuza madukani. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, iliyotoa hukumu mwaka 1998. Utetezi wa Micro Star ulikuwa na akili: faili la ramani halina hata picha moja ya Duke Nukem, ni maelekezo tu, weka ukuta hapa, weka adui pale, na picha zote zinatoka kwenye gemu uliyonunua mwenyewe. Mahakama haikuyumba. Ilisema ramani hizo zinaendeleza hadithi za Duke Nukem, na haki ya kuziendeleza ni ya mwenye Duke Nukem.

Waliozichora ramani zile 300 hawakuwa upande wowote wa kesi. Aliyeshtakiana na mwenye shamba alikuwa mlanguzi.

Kando kidogo: zile APK

Kabla sijaendelea, kuna mkanganyiko wa huku kwetu. Ukimtajia kijana wa simu neno "modi", akili yake huenda ikakimbilia zile APK, mafaili ya kusakinishia programu kwenye simu za Android, zenye sarafu zisizoisha na kila kitu kimefunguliwa. Hiyo ni gemu ile ile iliyovunjwa kufuli na kufungashwa upya. Mtengeneza modi anaongeza chumba, ilhali hawa wanavunja mlango wa duka, na hujui wakati wa kuvunja wameacha nini ndani. Mpwa wangu aliwahi kuviita vyote "mod" kwa pumzi moja, basi lake na hizo sarafu, na ilinichukua chai nzima kumtenganishia.

Lakini haki isemwe: hata modi halali zina hatari yake. Juni 2023 kirusi kilichopewa jina Fractureiser kiligunduliwa kimejificha ndani ya modi za Minecraft, kwenye tovuti kubwa na zinazoheshimika, kwa sababu akaunti za baadhi ya watengenezaji zilikuwa zimevamiwa. Ukipakua kitu, soma maoni ya waliotangulia. Faili lililopandishwa jana na kusifiwa na watu watatu wenye majina ya namba, liache.

Siku nne za Aprili

Kisa ambacho kila mjadala wa jambo hili hurudi kwake kilitokea mwaka 2015, na ndicho kinachonifanya nisikubaliane na wale wanaosema ugomvi ni wa watu wasiotaka kulipa.

Skyrim ilitoka Novemba 2011. Februari iliyofuata Bethesda wakatoa kifaa cha kutengenezea modi, bure, kikiwa kimeunganishwa na Steam, duka la mtandaoni la kampuni ya Valve. Kwa miaka mitatu watu walijenga bila mpango na bila malipo. Mmoja akarekebisha menyu zilizowachosha wachezaji wa kompyuta. Wengine wakakusanya hitilafu za gemu, mamia kwa mamia, wakazitengeneza, kazi ambayo mwenye gemu ndiye angepaswa kuifanya. Mwingine akatengeneza miondoko ya mwili na kuwaambia wenzake waitumie. Ilikuwa kama msaragambo: leo tunapaua kwako, kesho kwangu, na hakuna anayeandika daftari la deni.

Tarehe 23 Aprili 2015 Valve na Bethesda wakatangaza kwamba kuanzia siku hiyo modi za Skyrim zinaweza kuuzwa. Kati ya kila dola, mtengenezaji angepata senti 25, Bethesda 45 na Valve 30.

Moto uliwaka siku hiyo hiyo. Senti 25 zilikuwa mbao kavu tu, kilichochoma zaidi ni jinsi modi zinavyoegemeana. Mojawapo ya modi za kwanza kuuzwa ilikuwa ya kuvua samaki. Mtu akarusha ndoano, mwili wake ukasogea, na miondoko ile ikawa ni ya modi nyingine, ya mtu mwingine aliyeitoa bure na ambaye hakuwa ameombwa ruhusa ya kuiingiza kwenye biashara. Modi ya uvuvi ikaondolewa kabla hata wiki haijaisha. Fikiria msaragambo ambao katikati yake mmoja anatangaza kwamba mlango aliosaidiwa kuutundika sasa una kiingilio. Je, aliyechonga bawaba adai sehemu yake? Aliyekopesha nyundo je? Ghafla kila mtu analazimika kuandika daftari.

Kisha kuna dhamana. Modi uliyonunua ikigombana na nyingine, au ikivunjika baada ya gemu kusasishwa, nani anakujibu? Mnunuzi alipewa saa 24 za kurudishiwa pesa. Baada ya hapo Valve walimshauri amwandikie mtengenezaji kwa adabu kwenye ukurasa wake. Kwa adabu! Mlipaji wa dola tano na mpokeaji wa zawadi wakawekwa kwenye foleni moja.

Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga. Tarehe 27 Aprili, siku nne baadaye, mpango ukafutwa na waliolipa wakarudishiwa pesa zao. Valve walikiri kwamba hawakuelewa walichokuwa wakikifanya, na kwamba jamii ya modi iliyokwisha kukomaa kwa miaka haikuwa mahali pa kuanzia.

Hapo ndipo pana funzo ambalo wengi wanalipita. Valve hawakuwa wageni katika kuwalipa mashabiki. Miezi mitatu kabla ya kisa hiki walikuwa wametangaza kwamba watu waliobuni kofia, silaha na mapambo ya gemu zao wenyewe kama Team Fortress 2 na Dota 2 wamelipwa jumla ya zaidi ya dola milioni 57 tangu 2011. Kule hapakuwaka moto, kwa sababu kile kilikuwa kibanda cha soko tangu siku ya kwanza. Kila anayeingia anajua anauza, Valve wanachagua nini kiingie, na kofia haiegemei kofia ya jirani. Makosa ya Skyrim yalikuwa kuweka geti la malipo kwenye njia ambayo watu walikuwa wameikanyaga wenyewe.

Bethesda nao wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Walieleza wakati ule kwamba asilimia 8 tu ya wachezaji wa Skyrim ndio waliowahi kutumia modi, na waliowahi kutengeneza hawafiki asilimia moja. Yaani ule umati tunaouona ukipiga kelele ni pembe ndogo ya wanunuzi, na mtu mmoja anayefanya kazi ya mamia hana namna ya kula kwa shukrani. Hili la kula ni la kweli. Mimi sioni ubaya wa mtengeneza modi kulipwa. Tovuti ya Nexus Mods ilianzisha mfumo wake wa pointi za michango mwaka 2018, na watengenezaji wa The Sims 4 wanaishi kwa wafadhili wa mwezi, huku Electronic Arts, wenye gemu hiyo, wakisisitiza kwamba modi inaweza kutangulizwa kwa waliochangia lakini mwishowe lazima ifunguliwe kwa wote. Njia zipo. Zinazodumu ni zile ambazo mchangiaji anampa fundi, na mwenye ardhi anatazama tu.

Mwenye nyumba akikarabati

Bethesda walirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2017 wakafungua Creation Club: watengenezaji wanachaguliwa, wanalipwa na kampuni, kazi inakaguliwa, na modi iliyokwisha kutoka bure hairuhusiwi kuingia. Desemba 2023 wakaipanua Skyrim ili watengenezaji walioidhinishwa waweke bei zao. Yaani katikati ya nyongeza rasmi na modi sasa kuna jamii ya tatu, mpangaji mwenye mkataba.

Mpango huu una akili kuliko ule wa 2015. Una adha yake pia. Kila bidhaa mpya ilipoingia dukani faili kuu la gemu lilisasishwa, na modi za bure zilizoshikilia faili hilo kwa ndani, hasa ile iitwayo SKSE ambayo mamia ya nyingine zinaitegemea, zilianguka mpaka waliozitengeneza waamke na kuziunga upya. Mwenye ardhi hakukusudia kubomoa. Alikuwa anapaka rangi ukuta wake.

Kisa cha kuumiza zaidi ni cha Fallout: London. Kundi la mashabiki lilitumia miaka kujenga jiji la London ndani ya Fallout 4, gemu nyingine ya Bethesda, lenye sauti za waigizaji na ramani inayokaribia gemu kamili, kwa kugawa bure. Siku ya kutoka ilipangwa 23 Aprili 2024. Mfululizo wa televisheni wa Fallout ukaanza mwezi huo, watu wakarudi kwa wingi kwenye gemu, na Bethesda wakatangaza kwamba Fallout 4 itasasishwa tarehe 25 Aprili. Siku mbili baada ya siku yao! Kundi likaahirisha. Modi ilitoka Julai, na mchezaji alilazimika kuirudisha gemu yake kwenye toleo la zamani ndipo London isimame. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo na hakuna aliyetendewa ubaya. Ndivyo nyumba bila ardhi inavyoishi.

Kwenye mashine za michezo kuna hata wenye ardhi wawili. Modi za Fallout 4 zilipofika PlayStation mwaka 2016, Sony hawakuruhusu chochote kutoka nje ya gemu: huruhusiwi kuleta picha yako wala sauti yako, utapanga upya vilivyomo tu. Kwenye Xbox, vitu vya nje viliruhusiwa. Gemu moja, fundi mmoja, viwanja viwili vyenye masharti tofauti.

Waliohama na matofali yao

Wengine walihama. Mwanasheria mmoja wa Australia alitengeneza modi ya Skyrim iitwayo The Forgotten City, iliyotoka 2015 na kupata tuzo ya chama cha waandishi wa nchi yake mwaka uliofuata. Akaacha kazi, akachukua kiini cha hadithi, akaacha kila kilichokuwa cha Bethesda, akaihamishia Roma ya kale juu ya injini nyingine. Mwaka 2021 ikatoka kama gemu inayojitegemea. Alibeba wazo akaacha kuta, na wazo ndilo kitu pekee katika modi ambacho leseni haikishiki vizuri.

Nyingine zilinunuliwa na mwenye ardhi mwenyewe. Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya vijana wawili juu ya Half-Life, gemu ya Valve, na mwaka uliofuata Valve wakainunua na kuwaajiri. PUBG, ambayo nusu ya vijana wa mtaani kwetu wamewahi kuicheza kwenye simu, chimbuko lake ni modi ambazo Brendan Greene alizitengeneza juu ya gemu za kivita za Arma kabla hajajengewa gemu yake huko Korea Kusini.

DotA ndiyo iliyofunga milango. Ilikuwa ramani ya shabiki ndani ya Warcraft III, ikipita mikono kwa mikono tangu 2003. Blizzard, wenye Warcraft, waliitazama ikikua bila kuishika. Mmoja wa walioilea akaajiriwa na Valve, Blizzard na Valve wakagombania jina, na mwaka 2012 wakapatana: Valve wauze kwa jina Dota, Blizzard wabaki na ramani za mashabiki. Blizzard walipotoa upya Warcraft III Januari 2020, masharti yao yalikuwa wazi kama ubao wa "Shamba hili haliuzwi": ramani yoyote utakayoitengeneza kwa vifaa vyetu ni mali yetu. Naielewa hofu yao. Lakini ukiwaambia wapangaji kwamba hata samani walizokuja nazo ni zako, usishangae vyumba vikibaki vitupu.

Barabara ya Italia

Nikamrudia mpwa wangu na swali lake. Ile gemu ya malori inatengenezwa na SCS Software wa Prague. Italia waliitoa 2017, Hispania na Ureno 2021. Ukilipa, unalipia watu wanaoketi kuchora makutano ya barabara, na pia unalipia ahadi kwamba gemu ikisasishwa mwakani daraja la Italia litakuwa pale pale. Kwa lugha nyingine, unanunua mtu wa kumlaumu. Aliyekupa basi hana deni nawe.

Na katika gemu hiyo hiyo kuna mashabiki wenye ramani yao, ProMods, inayogawiwa bure na kufika mpaka Iceland na visiwa vya Faroe ambako kampuni haijafika. Ukitaka kuiweka, sharti kwanza uwe na ramani rasmi walizoziunganisha nayo. Modi ya bure inamfanya mtu anunue nyongeza. Mwenye kiwanja anafurahi, mjenzi anafurahi, na mwenye lori anatoka Lisbon mpaka Reykjavík. Sijaona mfano mzuri kuliko huo, na hakuna aliyeketi bodini kuupanga.

Basi lake yeye lina utata mwingine ambao sikumweleza wote. Gemu ya Kiindonesia imefungua mlango kwa makusudi, mchezaji anaruhusiwa kuingiza gari alilolichonga mwenyewe, kwa hiyo upande huo hana kesi. Ila jina lililoandikwa ubavuni na rangi zile ni za kampuni ya mabasi yenye magari ya kweli. Ni sawa na jezi za Simba na Yanga ambazo watu hubandika kwenye Dream League Soccer: mpaka sasa zinaonekana kama mapenzi, na mapenzi hayana ada. Siku mtu atakapoanza kuziuza, mwenye nembo atakumbuka kwamba nembo ina mwenyewe.

Juzi alipokuwa akipunguza picha kwenye simu alifuta na faili la basi. Kiungo cha zamani hakifunguki tena. Akaandika kwenye kundi: nani analo lile la Mombasa, lenye pazia nyekundu? Zikapita siku mbili. Kisha namba asiyoijua ikamjibu: "Mimi ndiye nililichora. Simu yangu iliibiwa nalo. Ngoja, natengeneza jipya, hili litakuwa na TV ndani."